HARIRI KWA KIDONDA CHA KINYWA

Kwa miaka mingi sasa wataalamu wa nchi za nje, hasa Uchina, Japani na Marekani, wameshughulika na jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza laweza kumfanya msomaji atabasamu. Wanatengeneza, kwa nyuzi za hariri, utando wa kufunikia vidonda vya kinywani, na ndani ya utando huo wanatia dawa ya kuua vijidudu. Hariri tumezoea kuiona katika nguo za arusi na mavazi ya wenye nafasi. Leo twaizungumza kwa ajili ya watu wa Mbalizi, na wa kila mji mdogo unaofanana na Mbalizi katika Nyanda za Juu Kusini.

Mbalizi waijua wengi kwa kupita tu. Ipo magharibi ya jiji la Mbeya, juu ya barabara kuu iendayo Tunduma na Zambia, karibu na uwanja wa ndege wa Songwe uliofunguliwa mwaka 2012. Hapo hushuka viazi na pareto kutoka milima ya Umalila; hapo husimama madereva wa malori; hapo huishi vibarua, mafundi, wachuuzi na wafanyakazi wa kila namna. Mji wa watu wa jasho. Mtu wa jasho akivunjika mguu, wenzake humbeba. Akiumwa jino, hufunga shavu kwa leso akaendelea kupakia magunia, na pengine huchekwa.

Si jambo la kuchekesha. Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwaka 2022 kwamba watu karibu bilioni 3.5 duniani wana maradhi ya kinywa, na wengi wao wamo katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati, yaani nchi kama yetu. Hapa kwetu uchunguzi umeonyesha mara kwa mara kwamba mgonjwa huja akiwa amechelewa, na tiba apatayo zaidi ni kung'olewa. Kila jino ling'olewapo huacha shimo, na shimo hilo ni kidonda. Huyo ndiye mgonjwa tunayemfikiria tusomapo habari za hariri.

Kidonda cha kinywa kina tabia zake. Kwa bahati njema hupona upesi kuliko cha ngozi, na hakiachi kovu kubwa, kwa maana damu ni nyingi katika ufizi na mate yenyewe yana vitu vinavyosaidia nyama kuota. Lakini mahali penyewe pana taabu. Hapakauki kamwe, ulimi hauachi kupapasa, chakula hupita mara tatu kwa siku, na vijidudu vya aina mamia huishi humo wakati wote. Bandia ya dukani haishiki. Shashi hulowa ikatoka. Damu iliyoganda ndani ya shimo la jino ndiyo bendeji iliyoletwa na maumbile, na mgonjwa akisukutua kwa nguvu siku ile ile au akivuta sigara, hutoka, mfupa ukabaki wazi, na maumivu yakazidi yale ya jino lenyewe.

Sasa hariri yaingia wapi? Kiwavi wa nondo wa hariri hula majani ya mforosadi kwa siku 25 hadi 30, kisha hujizungushia kifuko kwa uzi mmoja ambao urefu wake waweza kufika mita 1,000 na zaidi. Uzi huo ni protini mbili: fibroini, ambayo ndiyo uzi wenyewe, na serisini, gundi iufunikayo. Vifuko vikichemshwa katika maji yenye magadi, gundi hutoka ikabaki fibroini safi. Hiyo huyeyushwa kwa chumvi maalum, ikasafishwa, ikamiminwa kuwa utando mwembamba, au sifongo, au ute mzito. Mwili wa mtu huipokea vizuri na huimeng'enya polepole, hata hapana haja ya kurudi hospitali kuubandua utando. Kwa mtu wa Umalila atakiwaye kulipa nauli ya kwenda na kurudi, hilo peke yake si dogo.

Yafaa tuseme wazi jambo moja ambalo wauzaji hupenda kulipita haraka. Hariri peke yake haiui vijidudu. Uzi wa hariri umetumiwa na madaktari kushonea vinywa kwa muda mrefu sana, kwa kuwa ni laini na fundo lake hushika, lakini kwa vile umesukwa kwa nyuzi nyingi hunyonya mate na vijidudu kama utambi unyonyavyo mafuta, ndiyo sababu huondolewa baada ya siku chache. Nguvu ya kuua vijidudu hutokana na kile kinachotiwa ndani ya utando: chembe ndogo mno za madini ya fedha, au kitosani itokanayo na maganda ya kamba na kaa, au dawa za kawaida za hospitali. Fedha ikizidi hudhuru nyama ya mgonjwa pia. Kazi nyingi katika jambo hili zimefanywa maabarani na juu ya panya na sungura. Watu waliojaribiwa ni wachache bado. Kwa hiyo atakayekuja Mbalizi kesho na pakiti inayong'aa akidai kwamba imemaliza taabu ya meno, aulizwe kwanza ilijaribiwa kwa nani na kwa kibali gani.

Hata hivyo twaitakia heri kazi hii, na sababu yetu kubwa ni vidonge. Leo mwenye jino bovu huingia duka la dawa, akanunua amoksilini ya kumtosha siku mbili kwa kuwa fedha yake ndipo ilipoishia, maumivu yakapoa, vidonge vikaachwa. Vijidudu vilivyosalia hujifunza kuishi na dawa, na siku mtoto wake atakapougua kichomi dawa ile ile haitamsaidia. Utando unaotoa dawa kidogo kidogo mahali pa kidonda tu, bila kuimwaga mwilini mwote, ungepunguza balaa hiyo. Hilo ni faida kwa taifa zima.

Tukizungumza habari ya vidonda vya kinywa, hatuwezi kunyamazia kile kinachotengenezwa kwa mikono ya watu. Katika sehemu mbalimbali za nchi yetu, tangu miaka ya 1980, imeenea imani ya kile kiitwacho meno ya plastiki, au meno ya nailoni. Mtoto mchanga akiharisha na kushikwa na homa, hutazamwa ufizi. Pakionekana uvimbe mweupe mahali pa chonge, husemwa kwamba ndio ugonjwa. Uvimbe ule ni jino lake la utotoni linalojiandaa kuota, na kila mtoto mzima wa afya anao. Mganga hulichimbua kwa kisu au kwa chuma cha baiskeli, bila ganzi, juu ya mtoto ambaye maji yamekwisha mwilini kwa kuharisha. Wako waliokufa kwa kutoka damu, na wako walioingiwa na vijidudu katika damu. Aliyepona huota meno ya ukubwani yaliyoharibika. Hakuna hariri duniani itakayoponya kidonda hicho kabla hakijachimbwa! Dawa ya mtoto yule ni maji yenye chumvi na sukari ya kuharisha, ziwa la mama, na safari ya zahanati. Balozi wa shina anazijua nyumba zake zote, na anajua ni ipi yenye mtoto mchanga. Twamtaka aingie humo kabla ya mganga. Wala asimdhihaki mama. Mama huyo alikuwa akimtafutia mwanawe uzima.

Tena kuna habari ya vyombo. Huduma ya meno kwa desturi huanzia kituo cha afya na hospitali ya wilaya, na zahanati nyingi za vijijini hazina tabibu wa meno. Watu wa Mbalizi wana hospitali ya Ifisi karibu, inayoendeshwa na kanisa, na Mbeya kuna hospitali ya rufaa ya kanda pamoja na chuo kinachofundisha matabibu wa meno. Kwa hiyo wamejaliwa kuliko wengi. Lakini teremka huko wanakotoka wateja wa soko lao, ukaulize koleo za kung'olea ziko ngapi, ganzi ipo, na vyombo huchemshwa kwa mvuke kila baada ya mgonjwa mmoja au la. Isisahaulike kwamba nchi yetu haikuwa mwanafunzi tu katika jambo hili. Ile njia ya kuziba meno kwa zana za mkono, bila umeme wala mashine ya kuchimbia, ambayo leo yatumika duniani kote, ilianza kujaribiwa hapa hapa Tanzania katikati ya miaka ya 1980. Saruji yake ya kuzibia, pamoja na maji ya fedha na floridi ya kuzuia kuoza, viliingizwa na Shirika la Afya Duniani katika orodha ya dawa za lazima mwaka 2021. Vitu hivi si vya ghali kama hariri ya maabarani, na jino lililozibwa mapema haliachi shimo la kufunikwa.

Je, basi tuwaachie wengine hariri? La hasha. Tumeona mambo ya pamba. Miaka yote tumelima pamba, sehemu kubwa ikaenda nje ikiwa nyuzi, nasi tukarudi kununua nguo zilizokwisha kuvaliwa na wenzetu. Hatutaki siku moja tununue hariri ya vidonda kwa bei atakayoitaja mwingine, hali mforosadi waota kwetu. Jirani zetu wa Kenya na Uganda wamekwisha kuanza ufugaji wa viwavi vya hariri. Wataalamu wa kilimo wako Uyole, mwendo mfupi kutoka Mbeya mjini. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia kipo Mbeya. Na chuo cha udaktari cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kipo huko huko. Wachache wana bahati ya kuwa na mkulima, mwanakemia na daktari katika wilaya zinazopakana.

Lakini wasimdanganye mkulima. Kiwavi hupenda joto la nyuzi 23 hadi 28, na usiku wa Juni na Julai katika milima ile si rafiki yake. Atahitaji nyumba yenye moto, na moto ni kuni au fedha. Pia hafi kwa baridi tu. Pareto ambayo Umalila hulima huvunwa kwa kazi moja tu, kuua wadudu, na kiwavi wa hariri ni mdudu. Tone la dawa ya namna hiyo likipulizwa penye majani ya mforosadi laweza kumaliza kundi zima, na tumbaku nayo haitaki kuwa jirani. Mashamba hayana budi kutengwa, na wakulima waelezwe kabla ya kupanda, wala si baada ya hasara. Tuliona ya mazao mengi yaliyohubiriwa kwa vigelegele, mbegu zikagawiwa, na mnunuzi asionekane.

Sisi twaomba kitu kidogo. Uyole wapande mforosadi kwa majaribio, juu milimani na chini katika bonde la Songwe, wapime majani na vifuko kwa misimu miwili. Vyuo vichukue vifuko hivyo wavijaribu kwa kidonda. Na Halmashauri ya Mbeya, kabla ya bajeti ijayo, iwaambie madiwani idadi ya zahanati zake ambazo mgonjwa wa jino hupata ganzi na koleo safi. Bunge lilipitisha sheria ya bima ya afya kwa wote mwaka 2023. Mwanachama atakayetoa mchango wake ana haki ya kujua kama kinywa chake kimo ndani ya kadi hiyo, na ni tiba ipi hasa atakayopewa akifika dirishani.