Dua ya Hujaji Ni Mali ya Nani?

Kila mwaka, majuma machache kabla ya mwezi wa Dhulhija, hufanyika katika miji yetu semina za mahujaji watarajiwa. Miaka michache iliyopita nilimsindikiza mama yangu mzazi katika mojawapo, mjini Tanga. Mama ni mwanamke wa miaka sabini na kitu, aliyedunduliza fedha ya safari ile kwa miaka kumi na tisa, kutokana na minazi michache aliyoachiwa na marehemu baba na kile tulichomchangia sisi wanawe. Siku ile aligawiwa mkoba, shela mbili, kitambulisho cha kuvaa shingoni, na kijitabu chenye dua saba za tawafu, moja kwa kila mzunguko, zilizoandikwa kwa Kiarabu na chini yake matamshi kwa herufi za Kirumi. Tafsiri haikuwamo. Ustadhi akasoma, ukumbi ukaitikia; akasoma tena, ukumbi ukaitikia tena, hadi adhuhuri. Tulipokuwa njiani kurudi nyumbani mama akaniuliza: "Mwanangu, nikiisahau ile ya mzunguko wa nne, Hija yangu itasihi?"

Swali hilo limenikaa kifuani tangu siku ile. Mwanamke ambaye kwa nusu karne hajakosa kuinua mikono baada ya swala, anayemwomba Mola wake kwa ufasaha ambao mimi na shahada zangu za uzamivu siufikii, alitoka katika darasa la dua akiwa na hofu ya kuomba. Nadai kwamba hofu ile ilitengenezwa, na kwamba wapo wanaofaidika nayo.

Tuanze na sheria yenyewe, maana haina utata. Nguzo za Hija katika madhehebu ya Imamu Shafii, ambayo ndiyo ya wengi wetu wa pwani, zinajulikana: kuhirimia kwa nia, kusimama Arafa, kutufu Al-Kaaba, kusai baina ya Safa na Marwa, kunyoa au kupunguza nywele, na kufuata mpangilio. Itafute humo dua ya mzunguko wa nne, hutaiona. Ibn Taymiyya, aliyefariki Damascus mwaka 1328 na ambaye hakuna anayeweza kumtuhumu kwa ulegevu, aliandika waziwazi kwamba Mtume hakuweka dhikri maalumu ya tawafu, si kwa kuamrisha, si kwa kusema, wala si kwa kufundisha. Lililopokewa ni dua fupi ya aya ya 201 ya Suratul Baqara, ya kuomba wema wa dunia na wa Akhera, isomwayo kati ya nguzo ya Yemeni na ile ya Jiwe Jeusi. Palipobaki, katika mizunguko yote saba, pameachwa wazi. Anayetufu anaweza kusoma Kurani, kumtaja Mungu, au kuomba atakalo.

Naamini uwazi huo ni makusudi. Mtu ametoka Kigoma, Lamu au Bujumbura, ameagana na watoto kama anayekwenda kufa, ameandika wosia, amelipa madeni. Anafika mbele ya Nyumba ambayo ameielekea mara tano kila siku tangu utoto wake. Sheria inamwambia: sema. Kijitabu kinamwambia: soma ukurasa wa kumi na mbili.

Najua nitakavyojibiwa. Nitaambiwa Kiarabu ni lugha ya Kurani na kwamba kinauunganisha umma. Sina ugomvi na Kiarabu. Nimekisoma chuoni kwa viboko na bado nakipenda. Dua zilizopokewa kwa Mtume ni bora kuliko nitakazotunga mimi, na aliyezihifadhi akazielewa amepata kheri kubwa. Lakini anayesema maneno asiyoyajua maana hajaomba, ametamka. Tena ubishi huu si mpya. Imepokewa na Abu Dawud kwamba mtu mmoja alimweleza Mtume kwamba yeye humwomba Mungu Pepo na kujikinga na Moto, na kwamba hawezi kunong'ona vizuri kama anavyonong'ona Mtume wala kama anavyonong'ona Muadh. Mtume akamwambia kwamba na wao hunong'ona kuzunguka hayo hayo. Mwenye haki ya kumsahihisha kuliko wanadamu wote hakumpa kijitabu. Wanachuoni wa Kishafii nao wamemruhusu asiyeweza Kiarabu aseme hata talbiya kwa lugha yake. Ikiwa ile itikio la "labbayka," ambalo ndilo alama ya Hija, limepewa nafasi hiyo, kwa nini dua ya bibi kwa ajili ya mjukuu wake aliye mgonjwa inyimwe?

Na hasa sisi Waswahili hatuna udhuru. Mwaka 1858, huko Lamu, Mwana Kupona alimtungia binti yake utendi akiwa mgonjwa, na sehemu ya mwisho ya utendi ule ni dua ndefu kwa ajili ya wanawe na jamaa zake. Hakuona haya kumwomba Mungu kwa Kiswahili. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alipoanzisha gazeti la Al-Islah mjini Mombasa mwaka 1932, alilitumia kuwafunza watu dini kwa lugha wanayoielewa. Sheikh Abdallah Saleh Farsy akatupa tafsiri kamili ya Kurani mwaka 1969. Hivi karibuni hata hotuba ya Arafa hurushwa ikiwa imetafsiriwa kwa Kiswahili na wenyeji wa Makka wenyewe. Inashangaza kwamba wenye ardhi ile wametambua kuwa hujaji wetu anastahili kuelewa, na walimu wetu wa semina hawajatambua.

Tatizo, ukilichunguza, halikuanzia msikitini. Ni tatizo la darasa lile lile ambalo mimi nafundisha. Mwanafunzi wa chuo kikuu hunukuu fasili ya demokrasia bila kuweza kuniambia kama kijiji chao kinayo. Tumejenga jamii inayoheshimu sauti ya kuitikia na kuishuku sauti inayoanza. Ustadhi wa semina amesoma shule zile zile.

Mama alikwenda, na alirudi salama, alhamdulillahi. Alinisimulia kwamba katika tawafu ya kwanza msukumano wa watu ulimpokonya ukurasa akiwa mzunguko wa tatu, akatumia mizunguko miwili mizima akipekua kijitabu kutafuta pale alipoachia. Kiongozi wa kundi lao alikuwa mbele, akisoma kwa sauti ya juu, nao wakimfuata kwa makelele huku kundi la nchi nyingine likipaza zaidi ili lisizidiwe. (Mtume aliwakataza maswahaba waliokuwa wakipaza sauti safarini, akawakumbusha kwamba hawamwiti kiziwi wala aliye mbali. Sijui viongozi wa makundi hadithi hii huiruka vipi.) Siku ya Arafa, ambayo dua yake imepokewa kuwa ndiyo dua bora, kiongozi yule alishika kipaza sauti hemani baada ya alasiri na kuomba kwa Kiarabu kwa muda mrefu mno. Mama akaitikia "amina" kwa mambo asiyoyajua. Wengine walikuwa wakijirekodi kwa simu. Jua lilipokaribia kuzama alitoka nje ya hema, akasimama kando ya mapipa ya maji, akaanza kusema na Mola wake kwa Kiswahili cha Pangani.

"Ndipo nilipohiji, mwanangu," aliniambia.

Nilimuuliza aliomba nini. Akanitazama kwa mshangao, akasema hayo ni yake na Mola wake.

Lakini wapo wasiokubali kuwa ni yake. Tumezoea kila msimu kuwaona viongozi wa kisiasa wakija kuwaaga mahujaji. Hupiga picha, hutoa nasaha, kisha hukabidhi agizo: mkaliombee taifa amani, mkawaombee viongozi wenu. Kuiombea nchi ni jambo jema, na sitaki kumdhania vibaya kila anayeliomba. Ninachokipinga ni kuigeuza ibada ya mtu kuwa barua ya kumpongeza mwenye madaraka, na kuiteua amani peke yake kana kwamba ndiyo haja pekee ya mwananchi. Aliyeuombea mji wa Makka usalama alikuwa Nabii Ibrahimu, na tukirudi katika Suratul Baqara, aya ya 126, tutaona kwamba katika pumzi ile ile aliwaombea wakazi wake riziki ya matunda. Hakutenganisha usalama na shibe. Aya mbili kabla yake ni kali zaidi. Ibrahimu aliyepewa uongozi wa watu aliuombea kizazi chake nao, akajibiwa kwamba ahadi ya Mungu haiwafikii madhalimu. Basi kama mwanasiasa anataka mahujaji wakaombe mahali pale aliposimama Ibrahimu, na akubali dua yote, pamoja na sharti lake.

Sijawahi kumsikia kiongozi akiwaambia mahujaji: mkaniombee nisidhulumu.

Na hapa niwageukie watumishi wa umma, ambao najua ni sehemu kubwa ya wanaosoma makala zangu. Imo katika mkusanyo wa Imamu Muslim hadithi ya mtu aliyesafiri safari ndefu, nywele timtim, mwili umejaa vumbi, ananyoosha mikono mbinguni akimwita Mola wake. Na chakula chake ni cha haramu, kinywaji chake cha haramu, vazi lake la haramu. Mtume akauliza: atajibiwa vipi mtu huyo? Zitazame sifa zake moja moja. Ni msafiri, amechakaa kwa njia, ameinua mikono. Ni sifa za hujaji. Hakosi chochote katika adabu za nje za dua, na huenda ameihifadhi hata ile ya mzunguko wa nne.

Hebu tumchukue afisa ambaye faili la kiinua mgongo la mwalimu mstaafu limelala mezani kwake miezi minane, kwa sababu mwalimu hajaelewa, au amekataa kuelewa, maana ya "kulisukuma". Afisa huyo huomba likizo, hununua ihramu, huenda Makka. Mwalimu hubaki kwenye benchi la korido. Hana nauli ya kumfikisha Dodoma, seuze Jidda. Lakini Mtume alipomtuma Muadh kwenda Yemen alimuonya ajihadhari na dua ya mwenye kudhulumiwa, kwa kuwa hakuna pazia kati yake na Mungu. Kwa hiyo siku hiyo ya Arafa kuna dua mbili zinazopanda, moja kutoka uwandani na nyingine kutoka kwenye korido ya ofisi, na ya koridoni, iliyosemwa kwa Kiswahili au Kisukuma bila udhu wa kutosha wala kuelekea kibla, ndiyo iliyohakikishiwa njia. Afisa akirudi ataitwa Alhaji. Faili liko pale pale.

Hilo nalo lilipaswa kufundishwa katika semina, na kabla ya matamshi. Katika Hija yake ya kuaga, mwaka 632, Mtume alipofika Arafa hakuanza kwa dua. Alianza kwa hotuba: akatangaza utukufu wa damu na mali za watu, akaifuta riba akianzia na ya ami yake Abbas, akausia haki za wanawake. Kisha akaswali adhuhuri na alasiri, ndipo akasimama kuomba hadi jua likazama. Haki za viumbe zilitangulia, mikono ikainuliwa baadaye. Semina niliyoihudhuria ilichukua saa tatu kwa matamshi, nusu saa kwa mizigo na uzito unaoruhusiwa na ndege, na kuhusu madeni na dhuluma ustadhi alisema kwa sentensi moja kwamba kila mtu atake radhi kwa jamaa zake. Watu wakacheka na kuombana msamaha na waliokaa jirani, ambao hawakuwa wamewakosea lolote.

Ninachokitaka si kikubwa. Kijitabu kipunguzwe hadi zile dua chache zilizopokewa, kila moja na maana yake kwa Kiswahili fasaha: ya kati ya nguzo mbili, dhikri ya juu ya Safa, talbiya, na maelezo kwamba baada ya kutupa mawe jamarati ya kwanza na ya pili husimama mtu akaomba kwa kirefu, na baada ya ile ya Akaba haombi bali huondoka. Kurasa zilizobaki ziachwe tupu, na hujaji aambiwe aandike humo kabla ya kuondoka majina ya anaowaombea na majina ya aliowadhulumu, na hayo ya pili ayamalize hapa hapa kabla ya kupanda ndege. Kiongozi wa kundi azime kipaza sauti walau saa moja kabla ya magharibi ya Arafa.

Mwaka huu niliyapeleka mapendekezo haya, kwa maandishi, kwa waandaaji wa semina moja. Nilipokewa kwa heshima na kahawa. Nikaambiwa mawazo ni mazuri, ila vijitabu vimeshachapwa.