KIOO CHA GARI LETU

Kwa majuma mawili kioo cha mlango wa dereva hakikupanda. Mvua ikaingia, kitabu cha mizani kikalowa. Fundi mmoja wa mjini akasema mota imekufa, tununue nyingine. Kwa pesa za nani? Za kahawa yetu.

Vijana wetu wawili wakasema ngoja kwanza. Wakafungua mlango, wakachomoa plagi ya mota, wakatia balbu ya volti 12 mahali pake, wakabonyeza swichi. Balbu kimya! Umeme haufiki, mota inasingiziwa tu. Wakafuata waya mpaka kwenye ule mpira wa karibu na bawaba. Hapo waya hupindwa kila mlango ukifunguliwa, na mmoja ulikuwa umekatika ndani ya ganda lake. Kwa nje huoni kitu. Wakaunga, wakazungusha utepe, kioo kikapanda.

Lakini lililotutia hofu hasa ni jingine. Kwenye kisanduku, mahali pa fyuzi ya ampea 20, tulikuta kipande cha waya. Aliyekiweka tunamjua, naye anasoma hapa. Fyuzi hukatika ili waya za gari zisiungue. Ukitia waya badala yake, siku ya hitilafu gari litawaka na watu ndani. Fyuzi ikikatika tena na tena, usiongeze ampea: tafuta waya uliochubuka. Na kabla ya kuunga, toa hasi ya betri.

Balbu, bisibisi na fyuzi za akiba ziko kwa mtunza ghala. Anayechukua aandike jina.