TAHARIRI: Risasi kuingia si risasi kufaa

Kijana msomaji, leo tunazungumza na wewe unayelinda mali ya mwenzio usiku. Umemaliza kidato cha nne, ajira hakuna, umeangukia kwenye ulinzi. Jioni unakabidhiwa silaha, na kama ni bastola unapewa na risasi chache mfukoni. Je, umewahi kuuliza bastola hiyo ina umri gani? Umewahi kuuliza kama risasi hizo ndizo zake, au zimewekwa kwa sababu tu zimeingia?

Tunauliza kwa sababu vijiweni kuna wataalamu wa sinema wanaosema, "ikiingia ndiyo yake." Huo ni uongo, na uongo wenyewe unaweza kukutoa jicho.

Bastola ni chuma kilichopewa kazi ya kuzuia mlipuko. Baruti inapowaka ndani ya ganda huzaa gesi. Gesi hiyo inasukuma kichwa cha risasi mbele kupitia mtutu, na wakati huo huo inasukuma chuma kurudi nyuma, yaani upande ulipo uso wako. Fundi aliyeunda bastola alijua ni presha gani chuma chake kitahimili. Ukimwekea risasi yenye presha kubwa kuliko aliyoikusudia, umemtoa fundi kazini na umejiweka wewe kuwa mtu wa majaribio.

Chukua mfano wa Marekani. Mwaka 1900 kampuni ya Colt ilitoa bastola ya risasi iitwayo .38 ACP. Mwaka 1929 kampuni hiyo hiyo ikaleta risasi ya .38 Super. Ziweke mezani hutaona tofauti: ganda ni lile lile, urefu ni ule ule. Lakini kikomo cha presha ya ile ya zamani ni paundi 26,500 kwa inchi ya mraba, na cha ile mpya ni 36,500. Paundi 10,000 zimeongezeka, na jicho haliwezi kuziona. Sasa sikiliza kilichomo ndani ya Colt zile za mwanzo. Sehemu ya juu, ile inayorudi nyuma kila unapofyatua, inazuiwa na kabari moja ndogo iliyo mbele. Kabari ikikatika, chuma kile hakina cha kukizuia. Kinakuja usoni kwa aliyeshika bastola.

Nenda Ujerumani na Urusi. Bastola ya Mauser C96 ilianza kutengenezwa mwaka 1896. Warusi waliipenda risasi yake, wakaifanya msingi wa risasi ya Tokarev, bastola iliyoingia jeshini mwao miaka ya 1930. Vipimo vinakaribiana mno hata risasi ya Tokarev ikaingia kwenye Mauser. Lakini Warusi waliishindilia nguvu zaidi. Ndiyo maana wanaozijua silaha za kale wanaonya kila siku: risasi ya Tokarev usiitie katika Mauser ya babu.

Waingereza nao wana yao. Webley Mk VI, bastola ya silinda ya mwaka 1915, ndiyo iliyoning'inia kiunoni mwa maofisa wao katika Vita Kuu ya Kwanza. Baada ya Vita ya Pili nyingi ziliuzwa Marekani kama mtumba. Wafanyabiashara wakaona risasi zake hazipatikani kirahisi kule. Wakafanya nini? Wakakwangua silinda kwa nyuma ili ipokee risasi ya Kimarekani ya .45. Ikaingia, wakauza, wakala faida. Presha ya risasi ile ilizidi kwa mbali ile ambayo Webley iliundiwa. Mfanyabiashara alipata fedha yake. Hatari akaondoka nayo mnunuzi.

Siku hizi kuna risasi za milimita 9 zenye alama ya +P kwenye kitako cha ganda. Maana yake ni presha ya ziada: kikomo cha kawaida ni paundi 35,000, cha +P ni 38,500. Bastola mpya iliyoundwa kwa ajili yake itaihimili. Bastola iliyokwisha kupita vita viwili na maghala matatu, springi zimelegea, chuma kimechoka, usiijaribu.

Mbishi atasema, "Fulani anapiga hizo hizo na bastola yake nzima." Tunamjibu kwamba chuma hakitangazi uchovu wake. Pindapinda waya mara kumi haukatiki, wa kumi na moja unabaki na vipande viwili mkononi. Ufa mdogo huanzia ndani ambako hauonekani, na kila risasi ya ziada inauongeza. Mzaha mzaha hutumbua usaha.

Wenzetu hawakuacha jambo hili kwa bahati nasibu. London imekuwa ikipima silaha tangu 1637, na Birmingham ikapata nyumba yake ya upimaji kwa sheria ya mwaka 1813. Silaha hupigwa kwa risasi ya majaribio yenye presha kubwa kuliko ya kawaida, na ikipona hugongwa muhuri. Lakini muhuri wa mwaka 1915 unasema habari za 1915. Hausemi lolote juu ya kutu, wala juu ya risasi iliyobuniwa baadaye.

Hapa kwetu tuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Mwenye silaha anaulizwa leseni, na ni sawa. Sisi tunauliza habari za chuma chenyewe. Daladala mbovu trafiki anaisimamisha barabarani. Bastola mbovu iliyo mkononi mwa mlinzi maskini inasimamishwa na nani?

Tunadai mambo matatu. Kila silaha kongwe ya kampuni ya ulinzi ipimwe na fundi bunduki anayejua kazi, na mlinzi aoneshwe matokeo. Risasi zinunuliwe kwa kufuata jina kamili lililogongwa kwenye mtutu, si kwa bei. Na mlinzi anayekataa kushika silaha asiyoiamini asifukuzwe kazi.

Nawe kijana, kabla ya kupokea bastola leo jioni, soma maandishi ya mtutu, kisha soma kitako cha ganda. Yakipishana, au yamefutika usiweze kuyasoma, irudishe mezani. Tajiri ana bima ya duka lake. Macho yako hayana duka la vipuri.