Waacheni Vijana Wamsake Nunda

Katika mitaa yetu ya Mlandege, Unguja, hakuna lawama inayosikika mara nyingi kuliko hii, kwamba vijana wa leo wamezidi mchezo. Lawama hiyo huwaangukia wanaocheza mpira, wanaocheza gemu za televisheni na hata wanaokaa barazani na bao. Lakini hakuna anayelaumiwa kwa ukali kuliko mtu mzima anayekaa kitako na wenzake akajifanya mtu mwingine: leo shujaa, kesho mganga, keshokutwa nahodha wa jahazi lililopotea. Huyo huambiwa amerudi utotoni. Nataka kusema nanyi wazee wangu, kwa heshima inayowastahiki, kwa sababu naamini lawama hii haina haki ndani yake, na hasara yake tunaila sisi wenyewe.

Upo mchezo uliotoka Marekani mwaka 1974, walioutunga ni Gary Gygax na Dave Arneson, nao waliuita Dungeons & Dragons. Chapa ya kwanza ilikuwa nakala 1,000 tu. Leo unachezwa karibu pembe zote za dunia. Watu huizunguka meza. Mmoja wao ni msimulizi, naye ndiye anayeijua nchi ya hadithi, mapango yake, wafalme wake na majoka yake. Waliobaki kila mmoja huchagua atakuwa nani. Msimulizi husema: mmefika mbele ya mlango wa chuma, na nyuma yake mnasikia mnyama anahema, mnafanyaje? Hapo hadithi husimama, haiendi mbele mpaka wao waamue. Huyu anataka kuvunja mlango, yule anataka kurudi, wa tatu anauliza kama kuna dirisha. Wakielewana huvuka, wakibishana mno mnyama huwatokea. Penye bahati hurushwa dadu, na iliyo mashuhuri kuliko zote ina pande 20. Mwisho wa usiku hakuna aliyeshinda wala aliyeshindwa, ila kundi zima limefika mahali fulani, na wiki ijayo wataanzia hapo. Wako watu wazima, wenye kazi na wenye watoto, walioiendesha hadithi moja kwa miaka.

Kwa nini wanafanya hivyo? Jibu la haraka ni kwamba wanaukimbia ulimwengu. Silikubali, na sababu zangu nazitoa hapahapa Unguja.

Edward Steere, mmisionari ambaye baadaye alikuwa askofu, alizikusanya hadithi za watu wa Unguja akazichapa London mwaka 1870. Ndani ya kitabu hicho mna kisa cha Sultani Majinuni. Sultani alikuwa na mtende, na kila tende zikiiva, ndege huja kuzila usiku. Wanawe wakubwa walikwenda kulinda mmoja baada ya mmoja, na wote walilala. Akabaki mdogo, aliyedharauliwa kwa kuwa kazi yake ni kukaa jikoni. Yeye alichukua bisi na mchanga. Usingizi ukimjia hutia kinywani, mchanga unamkwaruza meno, anazinduka. Akamkamata ndege. Baadaye paka wa Sultani akaanza kula kuku, watu wakamshitaki, naye Sultani akajibu kwamba paka ni wake na kuku ni wake. Paka akala mbuzi, akala ng'ombe, jibu likawa lile lile. Akaingia mwituni akawa nunda, akala watu, mwisho akawala wana wa Sultani mwenyewe. Aliyekwenda kumsaka ni yule yule wa jikoni. Kila akiua mnyama humleta kwa mama yake akidhani ndiye, na mama humwambia siye. Hurudi tena mwituni, anakwenda na kurudi, mpaka siku aliyompata nunda mwenyewe.

Mtoto anayesikiliza kisa hiki hakai bure. Moyoni mwake anajiuliza: mimi ningekesha vipi? Ningemwambia nini Sultani alipomtetea paka wake? Nikirudi kwa mama mara ya nne na kuambiwa siye, ningekwenda tena? Mchezo wa mezani hauna siri nyingine. Swali ambalo msikilizaji hujiuliza kimoyomoyo, hapo huulizwa kwa sauti, na jibu lake huibadilisha hadithi. Kijana aliyekwisha kusema mbele ya wenzake, "Mimi nitamwambia Sultani ukweli," na akaona mezani nini kinamfika mwenye kusema hivyo, amejijaribu. Siku atakayokutana na sultani wa kweli, ofisini au sokoni, hatakuwa mgeni kabisa wa jambo lile.

Na hata hili la kujibu kwa sauti sisi tulikuwa nalo. Msimulizi wetu hakuanza mpaka aseme paukwa, na sisi tuseme pakawa. Tazameni kitendawili. Aliyetegewa akishindwa hakuambiwa jawabu kwa bure; aliambiwa atoe mji. Akatoa Bagamoyo, au Mombasa, au Maskati. Mtegaji akiupokea mji huo husafiri hapo hapo alipoketi: alipofika watu walimlaki, wakamtandikia, wakampa hiki na kile, naye akatawala kidogo, ndipo akafumbua. Mtoto wa miaka 9, ambaye mchana hatumwi ila dukani, usiku alimiliki Bagamoyo mbele ya bibi yake na mashahidi. Hayo ndiyo yanayofanyika katika meza za Wamarekani, ila wao wameyaandikia vitabu vya kanuni na sisi tuliyaacha mikononi mwa mabibi, na mabibi wanatutoka.

Wako watakaosema kwamba haya ni ya watoto, na kwamba Muislamu hana haja na mambo yasiyokuwapo. Kwao naleta hadithi iliyopokewa na Abu Daud. Mtume (S.A.W.) alirudi kutoka vitani, upepo ukafunua pazia, akaziona sanamu za kuchezea za Bibi Aisha, na katikati yake farasi mwenye mbawa mbili za vitambaa. Akamuuliza ni nini, akajibiwa ni farasi. Akauliza kuhusu mbawa: farasi ana mbawa? Bibi Aisha akamrudishia swali, kwani hakusikia kwamba Nabii Suleiman alikuwa na farasi wenye mbawa? Mtume akacheka hata magego yake yakaonekana. Nawaomba mashekhe zangu tuitafakari picha hiyo. Amiri wa jeshi, ametoka safari ya vita, anamkuta mkewe kijana na farasi asiyepata kuonekana Madina nzima, na jawabu lake ni kicheko cha furaha.

Dadu ni jambo jingine, nami sitalizunguka. Wanazuoni walio wengi wameukataza mchezo wa dadu kwa hadithi iliyomo katika Sahihi Muslim, hata pasipokuwa na fedha. Basi tuiache dadu. Hadithi haifi kwa kuikosa. Penye mlango wa chuma msimulizi na atege kitendawili. Kikifumbuliwa mlango unafunguka, kikishinda kundi linatoa mji, na huo mji uliotolewa uwe ndiko watakakopelekwa. Huu ni ugumu halisi wenye malipo halisi, na hauna shaka ya kamari.

Jambo ambalo wakosoaji huwa hawalifikii ni heshima. Katika miaka ya 1890 ilizuka mwambao wa Kenya, Lamu na Mombasa, ngoma iliyoitwa beni, ikashuka bandari kwa bandari. Tanga na Dar es Salaam ilikuwa na vyama vikubwa viwili, Marini na Arinoti, na baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia askari na wapagazi waliifikisha bara, hata Nyasaland. Mwanahistoria Terence Ranger aliiandikia kitabu kizima mwaka 1975. Ndani ya beni mlikuwa na vyeo. Mtu ambaye mchana ni boi wa nyumba ya Mzungu, anayeitwa kwa kengele, jioni alikuwa Jenerali, na wenzake walimpigia saluti. Wapo walioitwa Kingi, wapo walioitwa Kaisari na Bismarck. Wakoloni waliitilia shaka, na wasomi wengine waliona ni kuiga tu. Lakini chama hicho hicho cha majenerali wasio na jeshi ndicho kilichochanga kuzika wafu na kusaidia wagonjwa. Cheo kilikuwa cha kuigiza. Wajibu uliokuja na cheo ulikuwa wa kweli, na watu waliutimiza.

Na huku kwetu Ng'ambo, mjini Unguja, baada ya amri ya 1897 ya kukomesha utumwa, waliokuwa wametumikishwa walivua kaniki wakavaa kanga, wakavaa kanzu na kofia. Waliivaa hadhi kabla jirani hajaridhia kuwapa. Mwenye kusema walijifanya, alisema kweli. Walijifanya mpaka wakawa. Sisi wajukuu tunaotembea leo mitaa ile ile hatuna ulimi wa kumcheka kijana asiye na kazi ambaye, kwa saa tatu za usiku, wenzake wanamtegemea awavushe mto.

Nasisitiza neno hilo la kutegemewa, maana ndilo kiini cha hoja yangu. Kijana aliyemaliza skuli na hajapata kazi hutukanwa kidogo na umasikini, lakini huvunjwa zaidi na kule kutohitajika. Anaweza kupotea tangu asubuhi hadi magharibi na pasiwe na kitu kilichoharibika. Mezani siyo hivyo. Ikiwa yeye ndiye pekee anayeijua lugha ya majini, na usiku huo hakuja, wenzake wamekwama pangoni. Atatafutwa. Mtu hufuata mahali anapotafutwa, na kama sisi hatukumwekea mahali pa halali, pa haramu hapakosekani mjini hapa.

Wako pia wanaohofia kwamba mchezo huu ni uchawi, na hofu hiyo nayo imeshapimwa kwingine. Mwaka 1979 kijana mmoja wa chuo alipotea Michigan, magazeti yakaandika kwamba mchezo ndio uliomla, na kwa miaka mingi baadaye baadhi ya wazazi wa Marekani walivichoma vitabu vya mchezo huo wakiamini vinaita mashetani. Mchezo haukuwa chanzo cha kupotea kwake. Kijana alikuwa na huzuni nzito. Sisi tunaoijua Giningi, nchi ya wachawi, tusiwe wepesi wa kurudia kosa hilo. Muhammed Said Abdulla aliitia katika jina la kitabu chake, Kisima cha Giningi, na Said Ahmed Mohamed akaijengea tamthilia ya Kivuli Kinaishi, na kwa Giningi hiyo ya kutungwa akasema juu ya utawala maneno ambayo yangemgharimu kuyasema wazi. Hakuna aliyelogeka kwa kuzisoma.

Hapo pia ndipo ninapowalaumu vijana wenyewe, maana mawaidha ya upande mmoja si mawaidha. Mkikaa kucheza, kwa nini mapango yenu yote yawe ya Ulaya? Kwa nini theluji, ilhali hamjapata kuishika? Mnayo Giningi. Mnaye nunda, aliyeanza kwa kuku kwa sababu mwenye mamlaka hakutaka kumkemea. Mnayo majahazi ya kaskazi na kusi, mnayo magofu ya Maruhubi na mapango ya Mangapwani. Nendeni Makunduchi siku ya Mwaka Kogwa muone wanaume wazima wanavyotandikana kwa mashina ya migomba na siku ya pili hakuna kesi, kwa kuwa kanuni inajulikana na kila mtu. Mtu akiingia mchezoni na mali yake mwenyewe, hadithi hunona. Akiingia na ya kuazima, atabaki kuwa mwanafunzi wa wengine hata katika ndoto.

Ama wakati, nakubali una haki yake. Mchezo unaomchelewesha mtu sala au skuli umevuka mpaka, na hilo halihitaji mjadala. Lakini hao hao wanaolaumu hukaa barazani na bao la kete, mashimo 32 na kete 64, wakinamua na kutakata hadi kahawa inapoa, na hawaoni kwamba wamepoteza usiku. Wana haki ya kutoona hivyo. Nawaomba waitoe haki hiyo na kwa wadogo zao.

Basi nipendekeze. Mwezi wa Ramadhani huja kila mwaka, na baada ya tarawehe mtaa hauna usingizi. Kila baraza na lipate mtu mzima mmoja mwenye hadithi. Aisimulie mpaka njia panda, kisha anyamaze, awageukie vijana awaulize: nyinyi mngefanyaje? Na jawabu lao alichukue kweli, hata likimharibia mwisho aliouzoea. Wasichana wasisahauliwe, wao ndio warithi wa mabibi katika kazi hii, na ukumbi wa nyumba yoyote yenye bibi anayekumbuka unatosha kuwa meza yao. Walimu wa Kiswahili wanaweza kufanya hivyo hivyo Ijumaa moja ya mwezi, wakaona ni mtoto gani asiyefungua mdomo darasani ambaye hufungua mdomo anapokuwa nahodha. Gharama yake ni daftari la kuandikia nani alikuwa nani na waliishia wapi, kalamu ya risasi, na buli la kahawa kwa wakubwa.