Orodha Ianze na Nafasi Tupu

Mtahiniwa, hoja yangu ni hii: orodha kunjuzi katika fomu ya tovuti ianze na nafasi tupu, siyo na jibu.

Chukua fomu inayouliza halmashauri yako mkoani Kigoma. Zikipangwa kwa alfabeti, Buhigwe inatangulia. Kijana wa Ujiji akiiruka sehemu hiyo na kubonyeza "Tuma", kivinjari hakikai kimya. Hupeleka chaguo la kwanza. Seva inapokea halmashauri=1 na kumwandika mtu wa Buhigwe. Haijui nia yake; inapata jina la sehemu na thamani ya chaguo, basi.

Wapo wanaosema mjazaji awe makini. Ni kweli, lakini fomu nzuri humlinda hata aliyechoka. Chaguo la kwanza likiwa tupu na sehemu ikiwa ya lazima, fomu haitumwi mpaka achague. Seva nayo ihakiki tena thamani iliyopokea.

Nawe, utakapobadili tahasusi kwenye Selform ya TAMISEMI baada ya matokeo, soma kila orodha kabla ya kutuma. Usikubali mashine ikuchagulie.