Jicho la Mwenye Hofu

Katika mambo ambayo watu huyaamini pasipo kuyachungua, moja ni neno la mtu asemaye, "Nilimwona kwa macho yangu mwenyewe." Neno hili likitamkwa, mabishano hukoma. Na kama msemaji alikuwa hatarini alipoona, huaminiwa mara mbili, kwa kuwa hudhaniwa kwamba uso ulioonekana wakati wa hofu haufutiki kamwe. Nia yangu ni kulipinga wazo hilo. Nasema kuwa hofu kuu si mlinzi wa kumbukumbu bali ni mwizi wake. Na watu waachao neno la mwenye hofu lipite bila kupimwa, siku moja watamwadhibu asiye na hatia.

Twende kwanza Wamunyu, mji mdogo katika njia itokayo Machakos kwenda Kitui, ambao jina lake limefika mbali kwa sababu ya uchongaji. Husimuliwa kuwa Mutisya Munge, mtu wa hapo, alijifunza sanaa hii kwa Wazaramo wa Tanganyika wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, akarudi nayo kwao, na majirani wakaifuata. Mtazame mchongaji na tezo yake. Gogo lisilo na umbo hutoka twiga, na shingo, masikio na magoti yote yapo mahali pake. Ameyajuaje? Ameyajua kwa kutazama mara nyingi, kwa utulivu, na kwa mkono uliorudia kazi ile miaka mingi. Sasa tuseme mchongaji huyo amekimbizwa porini na nyati, kisha aambiwe amchonge nyati yule yule. Pembe atazitoa kubwa kuliko zilivyokuwa. Mengine yote itambidi kuyabuni.

Hiyo ndiyo hali ya shahidi. Tuseme ni siku ya soko. Jua limekuchwa, na mama mmoja arudi nyumbani na fedha za mbaazi alizouza. Mtu amtokea na panga, ampokonya mkoba, atoweka. Moyo wa mama wadunda, pumzi zamkatika, na macho yake yote yako kwenye makali ya panga, maana huko ndiko kifo kiliko. Uso wa mwizi ulikuwa juu kidogo tu ya panga lile, walakini haukuangaliwa. Lisiloangaliwa haliwekwi akilini, na lisilowekwa haliwezi kutolewa. Kisha majirani wafika mbio. Mmoja auliza, "Hakuwa yule kijana mwenye shati jekundu?" Swali hilo laingia katika pengo lililoachwa wazi. Kufika asubuhi shati jekundu limekwisha kuwa sehemu ya kumbukumbu, na mama ataapa pasipo kusema uongo. Hapa ndipo penye hatari. Mwongo aweza kunaswa kwa maswali. Bali mkweli aliyekosea ni vigumu kunaswa, kwa kuwa aamini kila neno alitamkalo.

Haya si mawazo matupu. Mwaka 2004 wataalamu wa Marekani walitangaza matokeo ya uchunguzi wao juu ya askari zaidi ya 500 waliokuwa wakifundishwa kustahimili mateso ya utekwa. Askari walikaa uso kwa uso na mhoji kwa zaidi ya nusu saa. Baadaye, walipoonyeshwa watu waliopangwa safu, walimtambua mhoji mpole mara 62 katika 100, lakini mhoji aliyewatisha walimtambua mara 30 tu. Nao walikuwa askari! Mwaka 2009 ilitangazwa habari ya watu 56 waliotembelea nyumba ya vitisho mjini London na kukutana na mtu aliyejigeuza ili kuwatisha. Katika nusu iliyokuwa na wasiwasi mdogo, watu 75 katika kila 100 walimtambua baadaye. Katika nusu iliyokuwa na wasiwasi mwingi, 17 tu.

Mpinzani atasema kwamba wapo watu waliokumbuka vema siku ya hatari. Kweli wapo. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 1986 huko Kanada ulionyesha kuwa mashahidi wa tukio la kupigana risasi walilieleza kwa usahihi hata baada ya miezi kadhaa. Lakini hoja hiyo yanisaidia mimi. Ikiwa hofu humwacha mmoja na kumpoteza mwingine, nasi hatuwezi kuwatenga kwa kusikiliza sauti zao tu, basi njia iliyobaki ni kupima.

Mpinzani atasema tena kwamba tukipima sana, wezi watatuponyoka. Nami nauliza: akifungwa asiyehusika, mwizi yuko wapi? Yuko nje, tena hatafutwi na mtu yeyote.

Mahakama zetu zililijua jambo hili zamani. Mwaka 1953, katika kesi ya Abdalla bin Wendo, Mahakama ya Rufani ya Afrika ya Mashariki ilisema kuwa shahidi mmoja aweza kutosha, lakini ushahidi wake wa kumtambua mtu upimwe kwa uangalifu mkubwa kabisa, hasa ikiwa hali ya kuona ilikuwa ngumu. Mwaka 1986, katika kesi ya Maitanyi, Mahakama ya Rufani ya Kenya ilitaka ijulikane taa ilikuwa na nguvu gani, ilikuwa mahali gani, na kama shahidi alieleza sura ya mshambuliaji kwa watu wa kwanza waliofika. Maswali haya si upole kwa wezi. Kwa sheria ya Kenya, unyang'anyi wa kutumia nguvu waweza kuleta hukumu ya kifo, ingawa hapana aliyenyongwa tangu mwaka 1987.

Umati je? Umati wenye mawe na matairi hauulizi habari za taa. Mmoja hupiga kelele "Mwizi!", kidole huelekezwa, na hukumu hutekelezwa kabla ya swali la kwanza. Wahenga walisema, aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Kushtuka si kosa. Kosa ni letu, tuuonao ung'ongo kuwa nyoka kwa sababu mwenzetu ameshtuka.

Basi, kijana usomaye, likikupata jambo la kutisha, eleza au andika uliyoyaona kabla ya kusikia ya wengine. Usilolijua, sema hulijui. Neno hilo halimshushi shahidi heshima. Mwenzako akipatwa, usimtilie maneno kinywani. Na kidole kikielekezwa kwa mtu sokoni, usiokote jiwe. Simama kati, uulize: Ulimwona kwa mwanga gani? Ulimtazama kwa muda gani? Nani alikutajia jina lake? Huenda maswali hayo matatu yakaokoa roho ya mtu, na mtu huyo aweza kuwa wewe.