Kwanza Mpira, Kisha Shujaa

Vijana wa Bugarama wanaotaka kutengeneza katuni wana madai yao, nami nimeyasikia ya kutosha kuyajibu.

Wanasema mpira unaodunda ni zoezi la watoto. Wao wanataka shujaa anayepigana. Haya, uchoreni huo mpira. Ukikaribia kilele hupunguza mwendo, kwa hiyo picha zake husongamana. Ukishuka huongeza kasi, picha huachana. Na kila ukidunda haufiki tena pale ulipofika mwanzo. Anayepanga picha kwa nafasi zilizo sawa hupata puto, si mpira. Shujaa wake naye ataruka vivyo hivyo: puto lenye upanga. Sekunde moja ya filamu ina fremu 24. Ukichora picha moja kwa kila fremu mbili, una picha 12 tu za kumfanya mtazamaji aamini kwamba kitu hiki ni kizito.

Wengine wana njia ya mkato: kujirekodi kwa simu na kuchora juu ya video. Max Fleischer alipata hataza ya mashine ya kazi hiyo mwaka 1917, kwa hiyo ujanja huu una zaidi ya miaka 100. Video ni mwalimu mzuri, ila anayefuatisha mistari yake hunakili umbo na kuiacha nguvu. Itazame mara kumi, iweke kando, kisha chora hatua moja kwa pozi nne: mguu unagusa ardhi, mwili unazama, mguu wa nyuma unapita, mwili unainuka.

Halafu tokeni nje. Mtazameni mpakiaji wa saruji mwenye mfuko wa kilo 50 begani. Hatua zake ni fupi, miguu imeachana, kiuno kimesogea chini ya mzigo, shingo imekwepa upande, mkono ulio huru umejitenga na mwili ili asiyumbe. Shukeni bondeni kwenye mpunga. Mama akitaka kuutoa mguu matopeni, mwili huegemea kwanza upande wa pili, goti hufuata, na kisigino huchomoka mwisho kabisa. Kule kuegemea ndiko kujiandaa, mojawapo ya kanuni 12 walizoziandika Frank Thomas na Ollie Johnston wa Disney katika kitabu chao cha 1981. Kukikosekana, mguu huchomoka kama uliovutwa na winchi.

Mkimaliza pozi, lipakeni lote weusi. Kama kivuli hakisemi mtu amebeba mfuko au anajikuna sikio, futeni.

Kuhusu dai kwamba katuni inahitaji kompyuta ya bei kubwa, sitakaa sana. Moustapha Alassane wa Niger alitengeneza *Bon voyage Sim*, filamu ya vyura, mwaka 1966. Na leo programu ya Blender ni ya bure. Ndiyo iliyotumika kutengeneza *Flow*, filamu iliyoshinda Oscar mwaka 2025.

Akili bandia? Itachora, sikatai. Lakini goti likipinda vibaya, nani atalikosoa kama mwenye kazi mwenyewe halioni?

Daftari la kurasa 96 lina karatasi 48. Chora pembeni mwa kila karatasi, picha 12 kwa sekunde, utapata sekunde 4 za mpira kudunda. Anzeni na hilo.